Jino la Nyundo Halioti

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Hamjambo wote nyumbani? Mimi mzima. Miguu ni ile ile, asubuhi inataka kubembelezwa kabla ya kukubali kwenda jikoni. Masikio usiniulize. Jana muuza maziwa aligonga mlango mpaka akachoka, ikabidi azunguke dirishani anipungie mikono kama anafukuza kuku. Mashine za kiwanda cha nguo zilikula masikio yangu, lakini macho ziliniachia. Bila macho ningeisomaje hiyo blogu yako?

Ndiyo starehe yangu siku hizi. Kila Jumapili nikishamaliza chai navaa miwani, nafungua Sebuleni Kwetu, nasoma kuanzia kichwa cha habari mpaka maoni ya watu nisiowajua. Ya leo imenimaliza. Eti umetengeneza kinyumba cha ndege, ndege wamekikataa, amehamia mjusi, na Nyundo amemwambia mjusi alipe kodi! Nimempelekea simu mama mwenye nyumba wangu asome. Akasema, "Huyu mjukuu wako anatakiwa aje kwangu kukusanya kodi."

Sasa nina swali dogo. Lile jino la mbele la Nyundo mbona halioti? Kwenye shajara yangu nimeandika lilitoka Juni, ulipoweka ile picha amelishika kiganjani. Sasa ni Februari na pengo liko wazi kama dirisha. Wewe lako lilirudi upesi tu. Mpeleke kwa daktari wa meno, na mwambie aache kulisukuma kwa ulimi.

Msalimie Mama Nyundo. Mwambie nimemkasirikia kidogo, ameacha kabisa kuniandikia. Lakini sijakasirika sana.

Mama yako

15 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu imekubali kufika jikoni. Sisi hatujambo. Kazini bohari imejaa, tumepokea mabomba ya maji mpaka hakuna pa kukanyaga, na mimi ndiye wa kuyahesabu.

Kuhusu jino, usiwe na wasiwasi. Daktari amesema kuna watoto meno yao ni mavivu. Nyundo mwenyewe anasema jino liko likizo, likirudi litakuja na zawadi. Nimelicheka hilo siku nzima, labda nitaliandika.

Mama Nyundo anakusalimu sana. Kazi zimembana. Atakuandikia.

Jumapili ijayo usikose kusoma, ni siku ya kuzaliwa ya bwana mkubwa.

Mwanao

23 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila kuna jambo linanikereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Nimesoma habari ya siku ya kuzaliwa. Umeandika vizuri, alivyopuliza mshumaa akazima na wa jirani. Lakini nimeikuza picha kwa vidole viwili, kama ulivyonifundisha, nikaona shati. Ni lile la bluu nililomshonea alipoanza darasa la kwanza. Nakumbuka mikono yake niliikunja pindo mara mbili, nikamwambia Mama Nyundo, mtoto akirefuka fumua moja, akirefuka tena fumua ya pili. Pindo zote mbili bado zipo. Mikono inamfika pale pale.

Mtoto ametimiza miaka minane, harefuki?

Na nyuma yake kuna ile nyanya yako ya kwenye kopo la rangi. Ina matunda matatu mabichi, moja limeinamia ukutani. Nimerudi kwenye picha ya Agosti. Matunda ni yale yale, na moja limeinamia ukutani. Mwanangu, nimelima nyanya tangu sijaolewa. Sijawahi kuona nyanya inayokaa mbichi nusu mwaka.

Nifanyie hivi. Mwambie Nyundo afungue kinywa, mpige picha leo, unitumie mimi. Usiiweke kwenye blogu.

Mama yako

2 Machi

Shikamoo Mama,

Tuko salama. Samahani, kamera ya simu imeharibika, fundi ameniambia nisubiri kifaa. Shati ni kwamba analipenda tu, hataki jingine.

Usijichoshe na picha, Mama. Furahia hadithi.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Leo sikusalimu kama siku zote, utanisamehe. Nimekaa na simu tangu asubuhi, hata chai sijainywa.

Uliniambia kamera imeharibika. Jumapili iliyopita umeweka picha mpya, na leo nyingine. Basi nikaanza kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka Julai. Nyundo ana kidonda gotini. Ni kibichi, umepaka dawa ya zambarau. Kipo kwenye picha ya Septemba, umesema ameanguka na baiskeli. Kipo kwenye picha ya Januari, umesema ametoka kupanda mti. Kidonda cha mtoto hakikai hivyo. Kikikaa hivyo, mtoto huyo hajaongeza hata siku moja.

Unajua ni mtoto gani ambaye haongezi siku. Sitaki kuliandika.

Nimekupigia. Najua sisikii kitu, nilitaka tu mtu apokee. Simu ikaonyesha imepokelewa. Nikasema, nikasema, nikalia, sijui kama upande wa pili kulikuwa na mtu au nilikuwa nazungumza na ukuta. Mama mwenye nyumba alikuja mbio, akadhani nimefiwa. Nikashindwa kumjibu kama nimefiwa au la.

Mtoto yuko hai? Andika neno moja.

Mama yako

16 Machi

Yuko hai.

Mama, yuko hai, ni mzima, naapa. Nilipokea mimi. Nilisikia yote. Nilikujibu, nikakujibu tena kwa sauti, nikasahau kwamba hunisikii. Nisamehe.

Hayuko hapa. Wote wawili hawapo. Mama Nyundo alifungasha mwishoni mwa Julai, wakaenda kwa dada yake. Zilikuwa hasira tu, aliona naandika sana. Nikasema atarudi baada ya wiki.

Nilikuwa na picha nyingi ambazo sikuwahi kuziweka. Jumapili ya kwanza nikachagua moja, nikaandika kile ambacho Nyundo angefanya kama angekuwepo. Watu wakacheka. Wewe ukaniandikia kwamba umecheka mpaka umemwaga chai. Jumapili ya pili nikajua nikikosa utauliza. Basi nikaandika tena. Pale bohari wenzangu kila Jumatatu wananipokea mlangoni, "Haya, Nyundo kafanya nini tena?" Nami nawasimulia, na kwa dakika hizo anakuwa yuko nyumbani na mama yake, ananisubiri nitoke kazini.

Huyo mjusi ni wa kweli. Yuko hapa hadi sasa.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimerudi juzi, mgongo umechoka lakini nimefika salama.

Nimekwenda kwao. Sikukuaga kwa sababu ungenikataza. Nyumba ya dada yake naikumbuka tangu harusi yenu. Wanakaa chumba cha uani, nyuma ya duka la kushona sare za shule. Kuna kitanda kimoja, cherehani karibu na mlango, na viatu vya Nyundo vimeanikwa dirishani, vimetazama nje. Mkwe wangu alikuwa anakata kitambaa cheusi. Aliponiona alisimama na mkasi mkononi, hakuja mbele wala hakurudi nyuma.

Alisema kitu, nikamwonyesha masikio. Akachukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya kile kitambaa: "Mama, amekwambia lini?"

Nikamwambia, hata wiki mbili hazijapita.

Akafuta kwa kiganja. Akaandika: "Nilidhani mmeamua kuninyamazia."

Hebu fikiria. Tangu Julai namtumia salamu kupitia kwako, na wewe unanirudishia salamu zake. Nani alikuwa ananisalimu?

Umeniambia zilikuwa hasira tu. Yeye ameniandikia mengine, anafuta, anaandika, mpaka kitambaa chote kikawa cheupe. Mwaka jana mimba yake ilitoka. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Alikuambia wewe. Wewe ukaliandika Sebuleni Kwetu. Siku tatu baadaye yuko kwenye kaunta ya duka alilokuwa akifanya kazi, anapokea pesa, mteja asiyemjua amemshika mkono mbele ya foleni: "Pole mama, nimesoma, nimelia." Akakuomba ufute. Ukafuta. Na Jumapili iliyofuata ukaandika jinsi ulivyoombwa ufute! Ukaipa kichwa "Mke wangu na kitufe cha kufuta". Nilipolisoma hilo kwenye kitambaa nilikaa kitandani bila kukaribishwa. Zote mbili nilizisoma mimi pia. Nikakusifu kwamba una kipaji.

Nikamuuliza, "Ulipoondoka, alikufuata?" Akaandika: "Alikuja mara moja. Alikuja na kamera."

Hilo nalo hukuniambia.

Nyundo alitoka shule saa ya chakula. Sikumjua mara moja. Amerefuka, magoti yake ni ya mtu mwingine. Alinikumbatia, halafu akachukua simu ya mama yake kunionyesha. Mwanangu, kaa chini kabla hujaendelea. Anaisoma blogu yako. Kila Jumapili anaifungua kuona amefanya nini wiki hiyo.

Alinionyesha ile ya mjusi. Nikacheka kwa mazoea. Yeye hakucheka. Akaomba chaki, akaandika kwa zile herufi zake zinazopanda mlima: "Mimi sikumwambia. Simjui huyo mjusi." Kisha: "Huyu wa baba anachekesha. Mimi darasani sichekeshi mtu."

Nikamwambia baba yake anamkumbuka, ndiyo maana anaandika. Akafikiri huku analamba chaki. Akaandika: "Nikirudi kwa baba, huyu mwingine ataenda wapi?"

Mama yake aligeukia ukutani.

Jino limeota. Nimempiga picha kinywa wazi, inaonekana vizuri sana, ipo humu kwenye simu. Sikutumii. Njoo ulione.

Mkwe hajasema mtarudiana, sitakudanganya. Amesema unaweza kuja Jumamosi. Usije na kamera. Na usiandike. Nimemwahidi kwa niaba yako, usinifanye muongo uzeeni.

Mama yako

6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila leo nimepata mshtuko mwingine.

Nimemaliza chai, nimevaa miwani, nimefungua Sebuleni Kwetu. Hakuna kitu. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Mama mwenye nyumba akajaribu kwa simu yake, naye hakuona kitu, ukurasa mweupe tu na maneno kwamba hiki unachotafuta hakipo. Ameniuliza, "Kijana wako yuko salama?" Nimeshtuka ingawa mimi ndiye niliyetaka. Nilikaa na kikombe kitupu, sijui niifanyie nini Jumapili yangu.

Ina maana jana ulikwenda? Ilikuwaje? Alikukimbilia? Mama yake alikupokea vipi? Ulimwambia nini kuhusu yule mwingine? Niandikie yote, tangu ulipobisha hodi, kama unavyojua kuandika.

Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo na miguu haikusumbui. Hii nimeituma kwa posta kwa sababu kuna kitu ndani ya bahasha.

Nilikwenda. Jino nimeliona. Limeota limeegemea upande kidogo, na lina meno madogo madogo kwenye ncha kama msumeno.

Umeniuliza mengine, na najua unangoja. Mama, nimejaribu kuyaandika mara mbili. Mara zote mbili yalitoka mazuri kuliko yalivyokuwa. Nimeyachana. Utayauliza kwao, wakipenda watakwambia.

Kamba iliyomo kwenye bahasha nilimpimia Nyundo kabla sijaondoka, mama yake ndiye aliyenipa. Kuanzia mwisho wa kamba hadi fundo la kwanza ni bega hadi bega. Fundo la kwanza hadi la pili ni mkono. Lile la bluu limembana hata baada ya kufumua pindo zote.

Mshonee jingine. Pindo kunja mara mbili.

Jumamosi nakwenda tena.

Mwanao