Mama Aliyesema Mtoto Amelala

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni kazini.

Unamkumbuka yule mama wa kwenye utafiti wetu wa watoto wachanga, tuliyemsajili akiwa mjamzito? Yule ninayempigia kwa video kila wiki, mchangamfu, na kila nikimuuliza mtoto ananiambia amelala?

Leo ilibidi nimwone mtoto. Nikamwambia, "Leo mwamshe kidogo, dada, nimwone."  Akasema, "Hayupo. Sikutoka naye hospitali."

Hakutoka naye hospitali. Na mimi wiki zote hizi namuuliza kama ananyonya vizuri, naye ananijibu huku anatabasamu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, taratibu tu, "Ningekuambia mngeniondoa kwenye utafiti. Na hakuna mwingine anayeniuliza nimelalaje."

Nikamwomba anisubiri kidogo.

Nikaenda kwa bosi. Macho hakuyatoa kwenye kompyuta. "Mpe namba ya mshauri, halafu mtoe." Mtoe. Kama vile nimemwambia taa imeungua.

Basi nikampa namba, nikamtoa. Halafu nikachukua simu yangu mwenyewe, nikampigia. Najua hairuhusiwi, usinisomee sheria.

Akapokea papo hapo. Sikuwa na swali hata moja la kumsomea, ndipo nikamuuliza mtoto alimpa jina gani.

Akanitajia. Akasema hajawahi kulitamka mbele ya mtu.