Picha Moja Iliyogeuzwa

Alhamisi, alasiri. Joto la Kariakoo linanata. Nimeoga mara mbili na bado najiona mchafu.

Mwaka mzima nimeinamia hadubini nikifuatilia protini moja ndani ya seli za hamira. Kazi yake ni kusaidia seli kunakili DNA. Kabla ya kunakili huingia kwenye kiini. Kazi ikishaanza hutolewa nje, seli isije ikanakili mara mbili. Tumeiwekea alama ya kijani inayong'aa ili tuione inavyohama.

Jaribio la kwanza ilitoka vizuri. La pili ikabaki ndani. Nilimwonyesha msimamizi wangu wa utafiti, daktari niliyemheshimu tangu nianze chuo. Akasema, "Niachie mimi."

Sikuuliza kitu. Mkutano wa watafiti, tutakapoonyesha matokeo yetu, ni Jumatatu, na kusema kweli nilifurahi.

Leo nimepeleka bango letu la mkutano kuchapwa kwa Bi. Salma, mtaa wa pili kutoka sokoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafungua faili na kulikuza kwenye kompyuta akague rangi.

"Mwanangu, hizi picha mbili si moja? Hii imegeuzwa tu. Ona hiki kidoa."

Chini ya moja imeandikwa jaribio la kwanza. Chini ya nyingine, la pili.

Nikatoka nje. Nikampigia daktari.

"Wewe chapa," akasema. "Nani atakaa kuangalia vidoa vya hamira?"

"Mwenye duka keshaviona."

"Anajua nini huyo?"

Mwanamke aliyeona kwa dakika moja kile daktari alichotaka kuwaficha wasomi wenzake. Nikamwambia sichapi, na jina langu alitoe. Akakata simu. Baadaye ukaja ujumbe: nisikanyage maabara mpaka nijifunze adabu.

Bi. Salma hakunidadisi. Alifuta lile faili, akanivutia kiti.

Nikiwa palepale nimemwandikia mkuu wa idara, nikaambatisha picha halisi, ile ambayo kijani kimeng'ang'ania ndani ya kiini. Imeshaenda. Hajajibu.

Kinyaa bado kipo, na si cha daktari peke yake. Alichomaanisha siku ile aliposema nimwachie yeye nilikielewa palepale, nikaenda zangu kunywa chai.

Bi. Salma asingeikuza ile picha, ningesema?