Meno ya Mtamba Wetu

Mjukuu wangu Eliaichi,

Marahaba. Hapa Kikatiti tu wazima, migomba imebeba, na mama yako ameacha kukohoa.

Unaniuliza kwa nini kina mama wa kliniki yako huko Singida wanakucheka ukiwaambia wapige mswaki meno ya kahawia yawe meupe. Enzi za Mjerumani, nikiwa msichana, sista wa zahanati ya misheni alitusugua meno kwa unga wa chaki hadi fizi zikatoka damu. Alidhani ni uchafu. Mama yangu hakubishana naye. Alimpeleka zizini, akamfunua mtamba wetu mdomo. Meno yalikuwa kahawia vilevile.

"Huyu hatafuni tumbaku, sista. Anakunywa mto wetu kama sisi."

Sista alimtazama mtamba, kisha akacheka mpaka akaegemea ua. Kuanzia hapo aliacha chaki, akatufundisha kusugua taratibu kwa kijiti ili tulinde fizi, na akaagiza watoto wachanga wanyweshwe maji ya mvua, si ya mto.

Basi kabla hujamwambia mama yeyote wa huko afungue mdomo, muulize alikua akinywa maji ya wapi.

Meno yangu yana rangi ya mto ule mpaka leo, na jana yametafuna mahindi ya kuchoma.

Bibi yako