Leso ya Mheshimiwa

Endarasha, Jumapili

Kaka yangu Ngatia, huko Doha,

Viazi vimeungua na baridi, lakini ng'ombe amezaa ndama jike. Simu ilikatika siku ya mazishi ya mama kabla sijakuambia nani alihutubia.

Alikuwa mheshimiwa, huyu mwakilishi wetu wa wadi. Pasta alipewa dakika kumi, yeye akachukua saa nzima. Alimtukana gavana, akaitukana serikali ya Nairobi, halafu akasema ati mama alikuwa mfuasi wake sugu, na kwa heshima yake zahanati yetu itafunguliwa. Ni ile ile aliyoikatia utepe miaka minne iliyopita! Kufuli halijawahi kutoka mlangoni.

Kuna jambo nilikuficha. Asubuhi mama alipozidiwa, tuliambiwa ambulensi ya kaunti haina mafuta. Tulimbeba watu wanne kwa leso yake ya kampeni, ile yenye picha ya mheshimiwa. Alikata roho kabla hatujafika kwa lami.

Sasa mheshimiwa alisimama kando ya jeneza akauliza, "Ni wangapi watanirudisha kitini?" Mikono ikainuka. Wangu pia, Ngatia. Fomu ya basari ya Nyawira wangu, ya karo ya shule, iko kwake, na bado hajaitia sahihi.

Kesho naenda kuichukua. Karani wake amesema kila mama aje amejifunga leso ya mheshimiwa.

Nimeifua ile ya mama. Imeanikwa hapa nje.

Ni mimi mdogo wako,
Wangechi