Ulinzi wa Treni ya Baba

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Kisanduku cha kuipa treni umeme kimekufa tena. Mara ya pili ndani ya siku tisa. Nimekifungua: transista imeungua, inanuka kama ugali ulioshika sufuria. Nimechomelea nyingine kutoka kwenye redio mbovu. Ndiyo ya mwisho. Hapa Manyoni sijaona duka lenye kitu hicho.

Treni yenyewe ni ya kuchezea, ya umeme, injini na mabehewa manne. Nilimnunulia Baba mnadani, kwenye mitumba, baada ya shirika la reli kumpunguza kazini. Stesheni masta miaka thelathini na moja. Alilala miezi mitatu akitazama ukuta. Treni ndiyo iliyomwinua.

Jumatatu ijayo naenda chuo cha ualimu. Kisanduku kikifa nikiwa huko, Baba atarudi kitandani. Naogopa hilo tu.

Jumanne, 4 Agosti
Nimempata mkosaji. Ramadhani wa mashine ya kusaga. Umeme wetu unatoka kwenye jenereta yake. Mota ya kusagia ikizimwa ghafla, umeme unaruka juu. Nimemwambia mbele ya wateja, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba anaua treni. Wanawake wa foleni wameangua kicheko. Amekubali kugonga debe kabla ya kuzima, ili tuchomoe waya. Ananichukia. Sawa.

Jumatano, 5 Agosti
Debe limegongwa mara sita. Tumechomoa mara sita. Hata hivyo mchana nimekuta kisanduku kina moto kama pasi. Kimenusurika kwa bahati. Basi si jenereta peke yake. Ni shoti. Nimekagua kila waya, kila kiungo cha reli. Hakuna kitu. Baba amesimama kando, mikono nyuma.

Mama anauliza nani anachukua vijiko vyake. Nina mambo makubwa kuliko vijiko.

Alhamisi, 6 Agosti
Fundi magari amenipa balbu ya breki ya pikapu. Nimeiunga kati ya kisanduku na reli. Treni ikitembea vizuri, haiwaki. Reli mbili zikiunganishwa, balbu inaubeba umeme wote, inawaka, kisanduku kinapona.

Saa tano imewaka. Nimekimbia kutoka jikoni na unga mikononi. Baba amechuchumaa nyuma ya behewa la mwisho. Juu ya reli zote mbili, kijiko cha chai kilichofungwa kitambaa chekundu.

"Treni imesimama stesheni," amesema. "Lazima ilindwe mkiani, isigongwe na nyingine."

Kwa kijiko cha chuma. Kila siku. Halafu anakiondoa kabla ya kuniita, maana kanuni ya reli inataka njia iachwe wazi.

Nimecheka. Kisha nikasema, "Baba, ni wewe unayeiua."

Ametia kijiko mfukoni, ameingia chumbani, amefunga mlango.

Ijumaa, 7 Agosti
Hajatoka. Chai imepoa mlangoni.

Nimekwenda kumwomba radhi Ramadhani. Amesikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, mwalimu. Ila mimi nimegonga debe siku tatu kwa ajili ya kijiko?" Wanawake wa foleni wamecheka tena.

Najichukia. Miaka kumi na tatu ya shule, nimeshindwa kumwambia baba yangu jambo moja kwa adabu.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimemwandikia barua, kama alivyokuwa akiandikiwa kazini. Kwa Stesheni Masta. Yah: Ulinzi wa treni iliyosimama. Nimeeleza kazi ya balbu. Nimeomba mwongozo wake. Nimeipitisha chini ya mlango.

Saa tisa alasiri imerudi ina wino mwekundu. Amesahihisha koma mbili. Ulinzi wa mkiani hauwezi kufutwa, ila chuma kinaweza kubadilishwa kwa mti. Balbu ikiwaka, kisisogee chochote mpaka njia ikaguliwe. Debe liendelee. Sahihi, tarehe, saa.

Nimelia kidogo. Upuuzi.

Jumapili, 9 Agosti
Baba yupo kwenye treni tangu tulipotoka kanisani. Nyuma ya behewa la mwisho kuna kipande cha mwiko. Mama bado hajajua. Balbu haijawaka.

Nimefunga begi. Treni yangu inapita kesho saa nne asubuhi. Baba amesema hataweza kunisindikiza. Yuko zamu.