Nguzo Iliyong'olewa Pasiansi

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama, na Baba mfikishie shikamoo yake. Goti lake linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Migomba imesimama, au upepo umeilaza tena? Sisi huku tunapumua. Simu yako haipatikani siku nyingi, ndiyo maana barua hii nimemkabidhi dada mmoja wa kanisani anayekuja Muleba kwa basi.

Mama, niliwahi kukusimulia jinsi mji unavyotuhudumia kwa simu siku hizi. Bomba likipasuka unapiga picha, unaituma, na mafundi wanakuja. Basi mwaka huu walisimika ziwani, hapa chini kwetu, nguzo ya njano yenye kifaa cha kupima maji. Kijana aliyetumwa kutuelimisha alisema kwenye mkutano wa mtaa, "Maji yakichafuka, simu zenu zitalia kabla matumbo hayajawauma." Tukacheka, tukampigia makofi.

Baada ya mvua kubwa zikalia kweli. Ujumbe ulisema tusichote maji ziwani, twende kwenye kioski cha maji kule juu barabarani. Nilikimbia kwa jirani yangu Bibi Minza, anayewauzia uji wavuvi. Nikamkuta anatoka ziwani, ndoo kichwani.

"Bibi, yamwage hayo. Simu imesema yana ugonjwa."

Akaitua ndoo, akayatazama. Yalikuwa maangavu, Mama, hata wewe ungeyanywa.

"Ziwa hili nalinywa tangu utoto wangu," akasema. "Leo nguzo ndiyo inifundishe? Na uji si nauchemsha?"

Uji aliuchemsha. Vikombe alivisuuza kwa maji yale yale, na mwenyewe alikunywa yakiwa mabichi.

Juma halikuisha akaanza kuharisha, choo cheupe kama maji ya mchele. Mimi na mume wangu Laurian tulimbeba hadi zahanati. Muuguzi alipomwona tu akavaa glovu, akatuambia tusimguse tena, tukanawe kwa dawa. Bibi Minza hakuiona jioni. Walimzika watu wa afya waliovaa mabuti, sisi tumesimamishwa mbali. Hata wimbo haukuimbwa.

Hapo ndipo maneno yakaanza. "Tangu lini tunaugua hivi? Si tangu waliposimika lile dude?" Wengine wakaapa kwamba linatema sumu usiku. Nikamwambia mume wangu, "Laurian, ile nguzo ilituonya. Tuliokataa kusikia ni sisi." Kesho yake wanaume wa mtaa wakaingia ziwani na kamba, maji yakiwafika kifuani, wakaing'oa nguzo. Laurian alirudi suruali ikichuruzika. Nikaianika, naye hakunitazama.

Sasa simu ziko kimya, na kimya hicho watu wanakiita usalama. Walipita watu wa afya na kipaza sauti, wakafukuzwa kwa mawe. Ndoo zinateremka ziwani kila asubuhi. Karibu na kanisa kuna nyumba mbili ambazo milango haifunguliwi, na hakuna anayesema kwa nini.

Kwa hiyo Mama, nakupigia magoti: Koku asije likizo hii. Najua mdogo wangu ameshafunga begi. Alie, anune, lakini abaki huko huko.

Nisalimie shangazi mwenye shamba la kahawa, mjomba seremala na wajukuu wake, na katekista wetu umwambie atuombee. Baba umwambie nampenda.

Ni mimi binti yako,
Adventina

Mama, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Laurian amerudi mapema kutoka kazini. Ameegemea mlango, ameshika tumbo, anasema ni uchovu tu. Nimempa maji ya kuchemsha yenye chumvi na sukari. Ameyamaliza, anaomba mengine. Bodaboda niliyoiita imfikishe zahanati imefika. Dereva ananiuliza mgonjwa anaumwa nini, nami sijamjibu.