Suruali ya Kaka Yangu

Nyumbani, 3 Oktoba 1994

Kwako Gaolathe mwanangu,

Hujambo? Mguu unaendeleaje? Bado wanakudunga sindano huko Gaborone? Sisi wazima, ila jua linatukaanga.

Sasa nisikilize, maana nina hasira. Jana Cgoma, mke wa mchunga ng'ombe wako, alitembea kutwa nzima kutoka malishoni, mtoto mgongoni, akaja barazani. Alitaka kusema kwamba pampu ya kisima chako ina kufuli, kwamba wanakunywa maji ya birika moja na ng'ombe, na wanawe wawili wanaharisha. Baba yako mdogo Moatlhodi, uliyemwachia kiti cha uchifu, akamzuia mlangoni. Eti mwanamke kavaa suruali! Mtu hana nguo ila suruali ya kazi ya mumewe, afanyeje? Wageni wa serikali wakija hivyo wanapewa kitambaa wajifunge. Yeye, kwa kuwa ni Msarwa, mtu wa porini kama mnavyowaita, akaambiwa aende zake. Na ukutani rangi haijakauka vizuri: KILA MTU ATASIKILIZWA. MAJI HAYANYIMWI MTU. Si tuliapa wote Agosti, wewe ukiwa mbele?

Nami nilikuwa nimeketi pale pale, nikanyamaza. Naona aibu. Tuma ufunguo haraka.

Shangazi yako

Gaborone, 11 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Mguu haujambo. Natumai na wewe kifua kimetulia.

Kufuli nimelitia mimi. Dizeli ni ya kubebwa kwa lori, na wale wanafua kama wako mtoni. Maji ya birika lile lile baba alikunywa na hakufa. Suala la suruali sikulianzisha mimi, nimelikuta. Baraza lina heshima yake. Cgoma atafute sketi, aje Novemba nikirudi, nitamsikiliza. Na tafadhali, Shangazi, mambo ya baraza waachie wanaume.

Mwanao, Gaolathe

Nyumbani, 29 Oktoba

Gaolathe,

Leo sikuulizi mguu.

Yule mtoto wa mgongoni tumemzika Alhamisi. Muuguzi kasema ni maji machafu. Wewe ulisema Novemba.

Jana nilifungua sanduku la baba yako, nikatoa suruali yake ya kaki, ile aliyovaa siku alipopewa kiti. Nikaivaa, nikaikaza kwa kamba, maana kaka yangu alikuwa na tumbo. Nikamshika Cgoma mkono tukaingia barazani.

Moatlhodi akaruka. "Dada! Umerukwa na akili?"

"Nitoe," nikamwambia. "Mimi niliyemnyoa Gaolathe siku ya msiba wa baba yake. Haya, nitoe!"

Mzee Kebonang akacheka mpaka akakohoa. "Mwacheni jamani, suruali yenyewe ni ya chifu."

Cgoma akasimama. Akasema, "Siku ile nilikuja kuomba maji. Leo siombi kitu." Akaketi.  Wanaume wazima wakageuka, wakasoma ukuta.

Shangazi yako

Gaborone, 5 Novemba

Shangazi,

Nimeisoma barua mara nne. Nilijali dizeli nikasahau watu. Ufunguo huu hapa, nimempa dereva wa lori aulete mkononi mwako. Jumamosi nitakuwa nyumbani. Nakusihi, tangulia kwa Cgoma ukaniombee msamaha.

Mwanao

Nyumbani, 8 Novemba

Gaolathe mwanangu,

Ufunguo umefika. Nakurudishia humu humu kwenye bahasha. Kufuli tulilikata kwa msumeno siku mbili baada ya baraza, wake kwa waume, Moatlhodi mwenyewe akilishikilia lisitikisike. Wachungaji wanakunywa bombani. Yule mtoto mkubwa ameanza kula.

Msamaha sikuombei. Wangu nimeshauomba, kwa kunyamaza kwangu, na sijui kama nimepewa. Ukishuka garini usije kwangu kwanza. Nenda malishoni, kwa miguu, ukae chini mbele ya Cgoma na umsikilize mpaka amalize.

Mguu ukikuuma njiani, endelea tu. Yeye alikuja kwa njia hiyo hiyo, na alikuwa amebeba mtoto.

Shangazi yako